Mahudhurio na teknolojia katika vyuo vya uuguzi: maswali tunayoulizwa kila muhula

Maswali haya yametoka kwa wakufunzi, wanafunzi na wazazi wa vyuo vya uuguzi na ukunga vya Dodoma, Singida na jirani zake. Anayejibu ni mkufunzi anayefundisha hapa Dodoma mjini, na pale anapoegemea upande atasema wazi. Hayakupangwa kwa uzito. Yamepangwa kwa jinsi watu wanavyoyauliza.

Tukifunga mashine ya kuhesabu wanafunzi, watakuja darasani?

Kwa wiki chache, ndiyo. Kitu kipya kinaogopwa. Baada ya hapo wanafunzi wataisoma mashine vizuri kuliko wanavyosoma fiziolojia: mtu anaingia, anagonga kidole, anatokea mlango wa nyuma na kwenda kukaa kwenye vimbweta. Rejesta inasema yupo.

Kuna kazi mbili hapa, na vyuo huzichanganya. Ya kwanza ni kujua nani yupo. Ya pili ni kumpa mtu sababu ya kuwepo. Chuo kinanunua kifaa cha kazi ya kwanza, kisha kinashangaa kwa nini ya pili haijafanyika. Mwanafunzi anayedoji ameshapiga hesabu zake: slaidi zitatumwa kwenye grupu la WhatsApp jioni, madesa (notsi za kunakili) ya mwaka jana anayo, na mkufunzi atasimama asome slaidi hizohizo neno kwa neno. Akiamua kulala, kwa kweli ana hoja.

Kwa hiyo unapoletewa kifaa chochote, uliza swali moja: kitaweka nini ndani ya kipindi ambacho hakiwezi kutumwa kwa WhatsApp? Kama jibu ni "hakuna", umenunua kihesabio. Kihesabio nacho kina faida yake, nitaifikia chini, ila si hiyo uliyoahidiwa na muuzaji.

Lakini kuhudhuria kunasaidia kufaulu kweli? Wapo wanaodoji na bado wanaongoza darasa.

Wapo, na kila darasa linawajua kwa majina. Ni wachache. Mwaka 2010 Marcus Credé na wenzake nchini Marekani walichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi za mahudhurio vyuoni. Waliona kwamba mahudhurio yanabashiri alama za mwanafunzi kuliko mitihani ya kujiunga na chuo, kuliko alama alizotoka nazo sekondari, hata kuliko mbinu zake za kujisomea. Sehemu ambayo wakuu wa vyuo huiruka ni hii: sera za kulazimisha mahudhurio zilipandisha alama kwa kiasi kidogo tu.

Kwa nini mnawakazania wanafunzi wa uuguzi kuliko wa fani nyingine?

Kwa sababu uuguzi unapimwa kwa saa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka muuguzi wa kawaida amalize angalau saa 4,600 za mafunzo, na nusu yake ziwe za vitendo. Uingereza inatumia saa hizohizo 4,600, nusu nadharia na nusu vitendo, na tangu 2023 inaruhusu saa 600 kati ya zile 2,300 za vitendo zifanywe kwa kuigiza badala ya wodini. Hapa kwetu stashahada ni miaka mitatu, NTA (tuzo za taifa za ufundi) ngazi ya 4 hadi ya 6 chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, na ukimaliza bado Baraza la Uuguzi na Ukunga ndilo linalokusajili na kukupa leseni.

Halafu chukua kipindi cha kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Una takriban dakika moja tangu azaliwe kuanza kumpa hewa. Ndiyo inayoitwa dakika ya dhahabu. Jambo hilo halisomwi kwenye desa usiku wa kuamkia mtihani. Mikono ndiyo inayojifunza, tena kwa kurudia na kurudia, mbele ya mtu anayekuambia barakoa ya ambu, kifuko cha kusukuma hewa kwa mkono, haijakaa sawa usoni.

Darasa letu lina wanafunzi 120 na mtandao unasuasua. Tuanzie wapi?

Kwanza acheni kuita majina. Kila jina likichukua sekunde tano, majina 120 yanakula dakika kumi, na katika kipindi cha saa moja hiyo ni sehemu moja ya sita imekwenda kwa kusema "nipo". Karatasi ya kuzungusha ni ya haraka zaidi, ila sote tunajua habari za "nisainie". Karatasi inaondoka mstari wa mbele na watu 80, inafika nyuma na majina 110.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kadi za Plickers. Ni karatasi zilizochapwa alama nyeusi, kila moja na umbo lake, na kila kadi ni ya mwanafunzi mmoja. Unauliza swali lenye majibu manne. Mwanafunzi anainua kadi akiwa ameizungusha upande wa jibu lake. Wewe unapitisha kamera ya simu yako juu ya darasa na majibu yote yanasomwa. Mwanafunzi hahitaji simu, bando wala chaji. Anayetumia data ni mkufunzi peke yake. Mwishoni programu inakuonyesha nani kajibu nini, na ambaye hakujibu lolote hakuwepo. Mahudhurio yamepatikana bila mtu kuyaulizia.

Kuna kikomo chake: seti kubwa ya kadi ni 63. Kwa darasa la 120, wapange wawili wawili kwa kadi moja, wabishane kabla ya kuinua. Mabishano hayo ndiyo kipindi chenyewe, ingawa hapo hesabu ya mtu mmoja mmoja unaipoteza. Mimi naona ni hasara ndogo.

Chuo chenye fundi wa kompyuta mwenye moyo kinaweza kwenda mbele zaidi na kujaribu MoodleBox, yaani Moodle (mfumo wa kuendeshea masomo kwenye kompyuta) iliyowekwa kwenye kompyuta ndogo sana aina ya Raspberry Pi. Inarusha waifai yake yenyewe darasani. Wanafunzi wanaunganisha simu, wanafanya maswali na kupakua masomo bila kugusa intaneti ya mtu yeyote. Idadi ya simu inazoweza kubeba kwa wakati mmoja ina mpaka, kwa hiyo ijaribuni na kundi dogo kabla ya kuitangaza.

Tumefikiria msimbo wa QR ukutani. Wanafunzi hawatatumiana picha?

Watatumiana kabla hujamaliza kusema "fungueni simu". Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, na vipuri havina rafiki hosteli wa kuvitumia picha.

Moodle ina moduli ya mahudhurio inayobadilisha msimbo kila baada ya sekunde chache, hivyo picha inayofika kwenye grupu inakuta msimbo umeshapita. Kwa nadharia ni suluhisho zuri. Darasani, mtandao ukiwa mzito, msimbo unaobadilika haraka unamwadhibu aliyekaa mstari wa mbele na simu kuukuu kuliko aliyelala hosteli. Ukiutumia, ongeza muda wa kubadilika na uwe na karatasi pembeni kwa walioshindwa, wasaini mbele yako.

Kuna wanaopendekeza simu itume mahali ilipo. Jengo likiwa na ghorofa, GPS haiwezi kutofautisha darasa la juu na kantini ya chini. Sishauri.

Njia ninayoipendelea ni ya kizamani ikivaa nguo mpya: swali moja mwishoni mwa kipindi, linalojibika tu na aliyekuwepo. Mfano: "Mgonjwa niliyemweleza leo alikosewa nini kwenye kuongezewa damu, na wewe ungeanza na hatua gani?" Linajibiwa kwenye fomu ya simu, na asiye na simu anaandika kwenye kipande cha karatasi. Rafiki akitaka kumjibia mwenzake itabidi atunge jibu la pili, na wavivu hawapendi kutunga.

Na alama za vidole?

Hapa nina mashaka mawili, moja la mikono na jingine la sheria.

La mikono: mwanafunzi wa uuguzi ananawa na kupaka sanitaiza siku nzima. Kiangazi cha Dodoma nacho kinakausha na kupasua ngozi. Ongeza hina ya harusi ya dada yake. Kisomeo kinamkataa, foleni inasimama, na watu 100 wanashika kioo kilekile mmoja baada ya mwingine mlangoni mwa chuo kinachofundisha kuzuia maambukizi. Kipukusi kiwekwe karibu, angalau.

La sheria: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Alama za vidole na sura ya mtu zinapochukuliwa kwa ajili ya utambuzi ni taarifa nyeti, na kuzichakata kunahitaji idhini ya maandishi ya mwenyewe. Chuo kinachokusanya taarifa hizo kinapaswa pia kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo makao yake yako hapahapa Dodoma, kwa hiyo kisingizio cha umbali hatuna. Nenosiri likiibwa unalibadilisha. Kidole hubadilishi. Sioni kwa nini chuo kijitwishe mzigo huo ili kujua nani kaja kwenye kipindi cha saa mbili asubuhi, wakati kadi ya karatasi inatosha.

Mwalimu, mimi natumia kitochi. Nitahesabiwa sijahudhuria?

Haipaswi kutokea, na ikitokea nenda kwa mkufunzi wako siku hiyohiyo, usisubiri wiki ya mitihani. Kila njia inayotumia simu janja lazima iwe na mlango wa pili usio na simu, na mlango huo uwe wa wote, usije ukawa alama ya umaskini darasani. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda zile kadi: wote wanainua karatasi.

Kahoot (programu ya kushindana kujibu maswali) na kura za papo kwa papo si michezo tu?

Ni michezo ikitumiwa kama mchezo. Shindano la nani kabonyeza haraka linafurahisha mara mbili tatu, kisha linachosha, na kwa uuguzi lina ubaya wake: linasifu haraka pale ambapo tungetaka mtu asome lebo ya dawa mara ya pili. Zima kipima muda, au kiongeze.

Kura inafanya kazi pale swali linapokuwa na majibu mawili yanayovutia. Onyesha partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, yenye mstari uliovuka mstari wa tahadhari, uulize: unasubiri, unampigia daktari, au unaandaa rufaa? Usitoe jibu. Onyesha darasa jinsi lilivyogawanyika, waambie wageukiane na kila mmoja amshawishi jirani yake, kisha piga kura tena. Ukiona safu za kura zinahama kwenye ukuta, darasa zima linaona kwamba akili zimehama. Aliyekuwa hosteli atapata jibu sahihi kwenye grupu. Hatapata ile dakika aliyogundua kwamba alikuwa na uhakika na alikuwa amekosea.

Je, kura ziwe na alama? Zikiwa na alama kidogo za kushiriki, wengi zaidi huja. Zikiwa na alama za kupata jibu sahihi, wanaanza kunakiliana. Mimi nawapa za kushiriki tu.

Nikirekodi vipindi, nani atakuja tena?

Atakuja yuleyule aliyekuwa anakuja, kama kipindi chako kina kazi ya kufanya. Kama kipindi chako ni hotuba, rekodi itakibadilisha, na labda ni sawa ikibadilisha. Rekodi video fupi za dakika nane au kumi za mambo yanayojirudia, kama kuvaa glovu tasa au kukokotoa kasi ya matone ya dripu, uzitume kabla, halafu saa ya darasani itumie kufanya. Punguza ukubwa wa video. Anayenunua bando la siku kwa hela ya chakula hawezi kupakua kipindi kizima cha picha safi.

Sisi ni wauguzi tunaojiendeleza, tunatoka zamu ya usiku na kipindi ni asubuhi. Teknolojia inatusaidiaje?

Kuliko kundi lolote lile. Kwenu rekodi si anasa. Ila cha kwanza kubadilishwa ni ratiba: hakuna programu ya simu inayomwamsha mtu aliyekesha wodini. Chuo kikiwa na rejesta ya kidijitali ya muhula mmoja, kinaweza kuona wazi kwamba kundi lenu linapotea Jumanne asubuhi na kuwepo Alhamisi mchana. Pelekeni ushahidi huo ofisi ya taaluma. Malalamiko ya mdomo yanasahaulika. Jedwali linadai majibu.

Na wodini? Huko watu wanapotea zaidi.

Huko rejesta ya simu inakutana na ukweli wake. Mwanafunzi anasainiwa asubuhi na inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, halafu saa nne yuko kantini ya hospitali na kikombe cha chai. Wengine wanakusanya saini za logibuku, daftari la vitendo alivyofanya mwanafunzi, siku ya mwisho ya mzunguko, kurasa zote kwa mkupuo, kwa wino mmoja. Kila mkufunzi wa kliniki ameziona logibuku za namna hiyo na nyingi amezipitisha.

Logibuku ya kwenye simu inasaidia kwa jambo moja: kila kitendo kinabeba saa na tarehe yake. Vitendo 20 vilivyoidhinishwa ndani ya dakika tano vinajisema vyenyewe. Lakini muuguzi anayewasimamia ana wagonjwa wake, na ukimtwika fomu ndefu ataidhinisha kila kitu ili umwache. Ifanye iwe ya maswali mawili: alifanya kwa kusaidiwa au mwenyewe? Ungemwacha afanye kwa ndugu yako? Swali la pili linajibiwa kwa ukweli wa ajabu.

Simu wodini zina kanuni zake. Hakuna picha ya mgonjwa, faili wala kitanda, hata kwa nia ya kuthibitisha kwamba ulikuwepo.

Kanuni inasema nihudhurie asilimia 75 ya vipindi. Mfumo ukinionyesha nina 90, naweza kupumzika?

Ndiyo hatari ya kuonyesha asilimia: inageuka leseni ya kukosa. Kozi yenye vipindi 30 kwa muhula ukihudhuria 23 umevuka 75, kwa hiyo mtu anajihesabia vipindi saba vya bure na kuvipangia matumizi kama bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi.

Shida ni kwamba vipindi havilingani. Kukosa saba vilivyotawanyika si sawa na kukosa vitatu mfululizo vya kutokwa damu baada ya kujifungua. Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja kwenye mifumo ya mahudhurio ya vyuo vyetu, ningeacha asilimia ilivyo, kisha niongeze orodha fupi ya vipindi visivyokosekana: ufufuaji wa mtoto mchanga, ukokotoaji wa dozi, kuongeza damu, kuzuia maambukizi, na kutokwa damu. Ukikosa kimoja mfumo unakupangia marudio chumba cha mazoezi ya vitendo, mfano kwenye NeoNatalie, mwanasesere wa mtoto mchanga wa kujazwa maji, hadi mkufunzi aridhike. Asilimia yako hata iwe 97.

Tuna takwimu za mahudhurio za miaka mitatu kwenye Excel. Tuzifanyie nini?

Kama zinafunguliwa wiki ya mitihani tu, ili kupata majina ya kuzuia kufanya mtihani, basi hazijamsaidia mtu. Wakati huo mwanafunzi ameshapotea, kilichobaki ni sapu (mtihani wa marudio) au kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli).

Ile faida ya kihesabio niliyoitaja mwanzo iko hapa. Rejesta ya kidijitali inaweza kukuambia wiki ya tatu kwamba mtu aliyekuwa anakuja kila siku amekosa vipindi vinne mfululizo. Wekeni kanuni rahisi, mfano vipindi vitatu vya kozi yoyote kwa mfuatano, na jina linafika kwa mlezi wa darasa Ijumaa mchana. Mlezi anapiga simu. Anapiga, hatumi ujumbe wa jumla. Ujumbe wa "Umekosa vipindi 3, hudhuria" unasomwa kama deni la mkopo wa simu na kufutwa.

Mlezi akipiga, atasikia mambo ambayo hakuna mashine ingeyaandika. Ada haijaisha na mtoto anaona aibu kukutana na mhasibu. Amehamia Nkuhungu kwa shangazi na nauli ya daladala mbili haipo. Ana mimba na anatapika asubuhi. Anauza chipsi usiku ili ale. Au ana ugomvi na mkufunzi mmoja na amekata tamaa na kozi nzima. Mengi ya hayo chuo kinaweza kuyagusa kama kimeyajua mapema. Simu moja ya dakika sita ni teknolojia ya bei nafuu kuliko zote zilizotajwa kwenye ukurasa huu, na ndiyo ambayo vyuo huisahau kwenye bajeti: mpeni mlezi muda wa maongezi.

Mimi ni mzazi, niko Kondoa. Naweza kutumiwa mahudhurio ya binti yangu?

Kama ameshatimiza miaka 18, taarifa ni zake, na chuo kinahitaji ridhaa yake kwanza. Vyuo vingine huiomba siku ya usajili kwenye fomu. Mwombe binti yako akuonyeshe mwenyewe. Ukiona anakwepa, zungumza naye kabla ya kuzungumza na chuo.

Na mkufunzi asipokuja?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini na mwakilishi wa darasa. Mfumo unaohesabu upande mmoja hauna heshima. Mwakilishi awe na uwezo wa kuandika kwenye mfumo uleule kwamba kipindi hakikufanyika au kilianza dakika 40 baadaye, na kumbukumbu hiyo iende kwa mkuu wa idara bila kupitia kwa mkufunzi anayehusika. Na kipindi ambacho mkufunzi hakutokea kitolewe kwenye mgawanyo wa asilimia. Nimeona mahali wanafunzi wakihesabiwa hawakuwepo siku ambayo mlango haukufunguliwa.

Tuna fedha kidogo. Tununue nini kwanza?

Projekta inayofanya kazi, nyaya za umeme ndefu, na kadi za karatasi zilizolaminishwa. Kisha barakoa na ambu za ziada kwa chumba cha mazoezi, kwa sababu mwanafunzi wa 30 kwenye foleni ya mwanasesere mmoja hajahudhuria kitu. Vidole na kamera za mlangoni viwe mwisho wa orodha, au visiwepo.

Ijumaa mchana je? Tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma mwaka 2024, darasa linakuwa nusu.

Hamisheni kipindi. Wekeni Ijumaa asubuhi mazoezi ya vitendo yenye alama, mchana muwaachie wapande treni. Wanaobaki Dodoma watawashukuru pia, maana na wao walikuwa hawasikilizi.